Kabla ya Kupanga Mitumbwi, Uliza Wakwe

Mmeniomba niandike. Mngekuja nyumbani ningewaambia kwa mdomo mkinywa uji na tungemaliza, lakini mnasema mnataka kitu cha kusoma mkiwa njiani. Basi someni. Shule niliishia darasa la tatu pale Rungwe Mpya, baba alipoamua kwamba mikono yangu inalijua jembe kuliko kalamu. Mwandiko wangu mnaujua. Atakayecheka aje anichekee usoni, siku hizi nina muda.

Mshahara sitauandika. Vyeo sikuwa navyo. Niliitwa Mama Safari tangu mwanzo hadi siku nilipowaachia ufunguo wa ofisi, na ofisi yenyewe ni kile chumba nyuma ya duka la vitenge karibu na stendi ya Kasulu, ambacho mlango wake haufungiki mpaka uuinue kidogo kwa goti. Nasikia mmenunua kitasa kipya. Kitasa hakikuwa na kosa, kosa ni la fremu.

Kazi yetu ni kuchukua watu wa huku juu, Kasulu na Kibondo, na kuwapeleka jijini Mwanza wakacheze siku nzima. Neno ni hilo, kucheza, msilionee haya. Nimeona tangazo lenu jipya mmeandika “ziara ya mafunzo” ili waume wasinune. Mimi sikuwahi kuandika hivyo. Nilimwambia mume wa mtu, mlangoni kwake, kwamba mke wake anakwenda kupanda miamba na kupiga kasia na kuteleza kwenye waya juu ya maji, na kwamba akirudi atakuwa na njaa, kwa hiyo ampikie. Wengine walinitukana. Wake zao walikwenda.

Nilianza na maharage. Nilikuwa napima maharage kwa sado pale stendi, chini, juu ya turubai, na kwa kuwa nina sauti, watu wa mabasi walizoea kuniomba niwaitie abiria. Mwenye basi moja alikuwa Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Kasulu ambaye babu yake alitoka pwani na kanzu na mizani. Basi lake lilikuwa limechoka, ila yeye hakuwa amechoka. Siku moja kwaya ya akina mama ililikodi basi hilo kwenda Mwanza kuimba, na dereva akakataa kwenda na wanawake watupu bila mwanamke wa kuwasimamia. Mzee Salumu akaja mpaka kwenye turubai langu, akaniangalia ninavyogombana na mteja, akasema, “Binti, kesho funga biashara. Panda basi.” Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Barabara wakati ule ilikuwa vumbi mpaka Nyakanazi, na ukifika ziwani Busisi unasubiri kivuko. Ninyi mnapita lami na daraja mnalalamika matuta. Tulifika Mwanza kwaya ikiwa na rangi moja, ya udongo. Wakaimba kanisani, wakapigiwa makofi, kisha wakaomba kuliona ziwa. Dereva akatupeleka kwenye ufukwe mmoja nje kidogo ya mji, mahali pa starehe, uzio wa mabati na geti la bluu. Ndani tuliona watu wakipiga kasia kwenye mitumbwi ya plastiki ya rangi za peremende. Wengine walikuwa wananing'inia kwenye kamba ubavuni mwa mwamba mkubwa kama nyumba. Mmoja alipita juu kwenye waya akipiga kelele, akaanguka mchangani akicheka.

Mlinzi wa geti alikuja kwetu. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa upole kabisa, “Akina mama, humu ni pa kucheza. Ninyi pigeni picha hapo nje, panatosha.” Na wakapiga picha. Walijipanga kwenye uzio wa mabati, wakatabasamu, tukala ugali wetu ndani ya basi tukarudi. Sikulia, mimi silii ovyo. Nilikasirika mpaka Kibondo.

Nilimkuta Mzee Salumu anazungukia matairi kwa fimbo, nikamwambia yote. Nikamwambia watu wametoka kwao, wamelipa, wamekaa njiani mpaka miguu imevimba, wakaenda kupiga picha ya uzio. Akagonga tairi la mwisho, akasema, “Usiniletee hasira, niletee mpango.” Sikuwahi kupewa maneno mengine ya kazi yaliyonisaidia kuliko hayo. Mkikasirika, na mtakasirika, andaeni mpango.

Cha kwanza alichonifundisha: usimpeleke mtu kwenye jambo ambalo wewe mwenyewe hujalifanya. Alinipa nauli nikaenda Mwanza peke yangu. Nilipita geti lile la bluu nikiwa nimevaa suruali ya mazoezi chini ya kanga, nikafanya yote. Mwamba ulinichuna magoti. Mtumbwi ulinizungusha pale pale kama kuku aliyefungwa mguu. Kwenye waya nilipoteza kiatu cha kushoto na sijui kilimfaa samaki gani. Niliporudi nilikuwa naumwa kila mahali, na nilijua kila kitu ninachohitaji kujua.

Nilijua kwamba mwamba unakuja kwanza, asubuhi, jiwe likiwa bado baridi, na kwa sababu kwenye mwamba kila mtu anaaibika sawa, mnene na mwembamba. Maji yanafuata. Waya ni wa mwisho, na chakula ni baada ya waya, kamwe siyo kabla. Ninyi mliowalisha watu wali na maharage kisha mkawapandisha juu, mnajua kilichotokea, na mfagiaji wa pale anajua pia. Nilijua kwamba ndala hazifai kwenye mwamba, kwamba kila kanga ya akiba utakayobeba itapata mtu, na kwamba filimbi inasikika majini ambapo sauti haifiki. Tangawizi mbichi kwa wanaotapika. Sabuni, kwa sababu choo cha Nyakanazi hakina.

Na ungo. Mnaucheka ungo wangu. Mimi kuandika majina ya watu kunanichosha, basi niliwapanga kwa maharage. Punje za njano ni wanawake, nyekundu ni wanaume, zile kubwa za madoa ni wale wasiojua maji kabisa. Usiku wa kuamkia mchezo namwaga konzi moja ungoni, nasogeza mbili mbili: mtumbwi huu, mtumbwi huu. Kila punje naijua jina. Mwenzenu mmoja amenionyesha simu yake inayopanga watu kwa uzito na umri, ukibonyeza tu wamejipanga. Nikamuuliza, simu yako inajua mkwe wa huyu ni nani? Akasema mama, siku hizi hayo yameisha.

Hayajaisha. Yamevaa suruali tu.

Nilijifunza mapema. Katika safari zangu za kwanza nilimpandisha bwana mmoja wa Kasanda kwenye ngazi ya kamba, akiwa katikati akainua macho, akaona kwamba anayepanda juu yake ni mama wa mke wake. Alishuka. Akavaa viatu, akatoka getini, akatembea mpaka stendi, akapanda basi jingine akarudi kwake. Yule mama alikaa chini ya ngazi siku nzima amejifunika kichwa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani wakila, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Watu wa asili ya Burundi, waliojaa huku kwetu na wengi sasa ni raia kama mimi, wanamwita mabukwe, na wanalishika jambo hilo kuliko hata sisi Waha. Siyo chuki. Ni heshima kubwa mno, mpaka inabidi uikwepe. Sasa mweke mtu na mabukwe wake ndani ya mtumbwi wa watu wawili, miguu wazi, magoti yake yameugusa mgongo wa mama wa watu.

Tangu siku ile, kabla sijauliza nani anajua kuogelea, nauliza nani mkwe wa nani. Watu wa jiji walinishangaa. Washangae.

Safari ngumu kuliko zote ilikuwa ya watu wa maharage. Mwaka huo maharage yalikubali, na akina mama wauzaji wa soko la Kasulu wakasema mwaka huu hawanunui vyombo, wanakwenda kucheza. Wakaamua kwenda na vijana wa Kibondo wanaowapakilia magunia kwenye malori. Walijuana kwa simu na kwa magunia tu, wengi hawakuwahi kuonana sura. Wanaume wa sokoni walifurahi wiki nzima. Kila mama akipita wanamuuliza kama ameshanunua mabawa.

Aliyewajibu alikuwa Mama Leokadia. Mjane, mnene, kibanda chake ni cha kwanza ukiingia sokoni, na ulimi wake unafika kabla hujakiona kibanda. Alinijia ofisini akataka nimwambie habari za waya, unaanzia wapi, unaishia wapi, unabeba gunia la kilo ngapi. Nikamwambia unabeba. Akasema, “Miaka yote napepeta maharage nimeangalia chini. Nataka niangalie chini nikiwa juu.”

Jambo jingine nililolijua, kwa sababu soko zima lililijua, ni la binti yake. Kabla ya hapo alikuja mshenga kumposea Leokadia kijana wa Kibondo. Mshenga alianza vizuri, akafika mahali pa kusema kijana huyo ni wa asili ya Burundi, kwamba aliwahi kupeleka mboga kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipokuwa wazi. Mama Leokadia hakungoja jina. Alisimama akaenda kupepeta maharage, akisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba hawezi kumpa mtoto mtu wa kambini. Kijana hakuwahi kulala kambini hata siku moja. Babu yake ndiye aliyeingia nchi hii, na kitambulisho chake kinafanana na cha Mama Leokadia. Mshenga alisema hivyo, akajibiwa kwa vumbi la ungo. Baada ya muda Leokadia akaondoka nyumbani. Mama akasema binti yuko Kasanda kwa shangazi yake. Tukaitikia, yuko Kasanda.

Sasa nawaambia kitu ambacho mimi siku ya safari sikukijua, ili msihangaike. Leokadia hakuwa Kasanda. Alikuwa Kibondo, anaishi na kijana yule yule, anaitwa Elisha, na Elisha alikuwa mmoja wa wale vijana wa kupakia magunia. Binti alikuwa amemwambia waziwazi: nimekufuata bila mahari, bila baraka, sina la kunishika ila neno lako. Ukinikana mbele ya mtu yeyote, hata kwa utani, narudi kwetu nikaombe radhi.

Tuliwapakia vijana pale Kibondo alfajiri. Nikapita siti kwa siti nikiwaamkia, “Mwakeye, una mkwe humu?” Wanacheka, wanajibu. Elisha alikuwa amekaa siti ya mwisho kofia imefunika nyusi. Alimtambua Mama Leokadia kwa picha iliyo kwenye simu ya mkewe. Nilipomuuliza aliangalia viatu vyake, akasema hana. Nami nasema mpaka leo, sikukosea. Niliuliza, nikajibiwa. Na yeye ukimbana hakudanganya sana, kwa sababu mkwe unakuwa naye ukishajitambulisha, na yeye mlango wa kujitambulishia ulishafungwa.

Kwa hiyo usiku ule, tulipolala Mwanza, ungo wangu ulisema hivi: punje kubwa ya madoa, Mama Leokadia, asiyejua maji kabisa, na punje nyekundu iliyo imara kuliko zote, yule kijana wa siti ya mwisho mwenye mabega. Mtumbwi mmoja.

Asubuhi, mwambani, mambo yalikwenda salama. Mama Leokadia alipanda akiongea na jiwe kama anagombana na dalali, akafika nusu, akasema nusu inatosha kwa bei ile. Elisha alijificha nyuma ya wenzake. Kisha tukashuka majini. Mwongozaji wetu pale ufukweni alikuwa Braitoni, kijana wa mjini, mpole, anayejua kazi yake. Akavalisha watu majaketi ya kuelea, akasukuma mtumbwi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaita wa nne.

Mama Leokadia alikuwa tayari miguu majini, jaketi la rangi ya chungwa limemkaba juu ya kanga. “Yuko wapi mpiga kasia wangu?” Nikamwonyesha Elisha kwa filimbi. Elisha hakusogea. Nikamwita kwa jina. Akasogea hatua moja, akasimama mahali mchanga mkavu unapoishia.

Nikamgombeza, maana nilikuwa na watu wengi na jua linapanda. Wenzake wakaanza kucheka. Mmoja akasema jamani huyu anaogopa maji, anaoga kwa kikombe. Mwingine, aliyekuwa rafiki yake na nadhani alijua, akamwambia pole pole, “Sema tu unaogopa maji, ndugu yangu. Sema yaishe.”

Naye Mama Leokadia, mikono kiunoni, “Wewe kijana, magunia ya Kibondo yote unabeba wewe, leo unaniogopa mimi? Mimi ni gunia moja tu.”

Watu walicheka mpaka Braitoni akacheka. Elisha ndiye hakucheka. Nilimtazama usoni nikaona huyu hana hofu ya maji. Nimeona hofu ya maji nyingi, iko kwenye midomo. Yake ilikuwa shingoni. Akipanda mtumbwi ule, magoti yake mgongoni kwa yule mama, amemkana Leokadia mbele ya watu wa Kibondo wote, na habari ingefika nyumbani kabla ya basi. Akisema anaogopa maji, amemkana pia, ila kwa upole. Akisema kweli, anamwaibisha mama wa watu mbele ya soko lake zima, mama ambaye alishasema Kasanda, Kasanda, Kasanda.

Akavua kofia.

“Siogopi maji,” alisema. “Siwezi kukaa mtumbwi mmoja na mabukwe.”

Kila aliyetoka huku juu alielewa. Braitoni akaniuliza mabukwe ni nini, ni ugonjwa?

Mama Leokadia alibaki mikono kiunoni. “Mabukwe wa nani?”

“Leokadia yuko kwangu, mama. Kibondo.” Alikuwa anaongea na mchanga, macho hakuyainua. “Hayuko Kasanda. Ni mke wangu. Sikupata mlango wa kuingilia, ndiyo maana nasemea hapa.”

Wanawake wa sokoni wakaangalia ziwa. Wote, kwa pamoja, kama wameambiwa kuna kiboko. Nilijua wanachofanya. Walikuwa wanampa mwenzao nafasi.

Mama Leokadia alimwangalia yule kijana muda mrefu. Mimi nikajiandaa kwa ulimi wake, nikaweka filimbi mdomoni nimzidi sauti. Badala yake akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaivuta kichwani mpaka ikafunika uso, akamgeuzia mgongo. Elisha naye akageuka pale pale, akaingia kwenye majani.

Sasa mwanamke wa kwetu akijifunika hivyo mbele ya kijana, ni moja kati ya mambo mawili. Amempokea, au hataki kumwona tena maishani. Kwa nyuma yanafanana.

Braitoni, kwa nia njema, akasema hakuna shida, atampa mama mtu mwingine, au apumzike kivulini na kupiga picha. Hapo ndipo aliponikorofisha. Nilimwambia hakuna mtu wangu anayekuja hapa kupiga picha ya uzio. Nikavua viatu, nikavaa jaketi, nikapanda nyuma ya Mama Leokadia mimi mwenyewe. Tulikuwa wanene wawili, na mtumbwi ukashuka mpaka maji yakawa yanatusalimia mapajani. Braitoni akafunga macho.

Tulipiga kasia vibaya. Tulizunguka, tukagonga mtumbwi wa watu, tukaomba radhi. Tulipofika mbali na ufukwe alianza kuongea bila kugeuka.

“Angeweza kusema anaogopa maji.”

“Angeweza,” nikasema.

“Wenzake walimpa neno lenyewe mkononi.”

“Walimpa.”

Akapiga kasia mbili tatu upande mmoja, tukazunguka tena. “Nilisema mtu wa kambini. Umesikia nikisema?”

“Soko zima lilisikia.”

“Hukunikataza.”

“Ungekatazika?”

Akasema nipige kasia, namchosha. Nikapiga. Sikujua bado kama nimebeba mama mkwe au mama aliyeibiwa mtoto, na mgongo wake haukuniambia.

Tuliporudi ufukweni nilikuwa na ratiba iliyovunjika na waya bado. Kulikuwa na waliosema tuahirishe, tule, turudi, siku imeshaharibika. Nilikataa. Nilisema siku hii imelipwa kwa jasho la kupepeta na itachezwa mpaka mwisho. Ninyi mkipata siku kama hiyo, msiwarudishe watu nyumbani na jambo likiwa nusu. Barabarani litaoza.

Nikapanga upya bila ungo. Vijana wateleze kwanza, wote, kisha wakae mbali kwenye mabenchi. Halafu akina mama. Elisha alikataa kuteleza. Alisema hana furaha ya kutosha. Lakini hakwenda kwenye mabenchi pia. Alikwenda kusimama chini ya mwamba mkubwa karibu na mahali watu wanapotua, akaliangalia jiwe, uso umbali wa shubiri moja, mgongo kwetu. Nikamfuata nikamwambia anaweza kwenda kukaa kivulini. Akasema, “Hapana, mama. Kama akidondoka niwe karibu. Ila simwangalii.”

Braitoni akaniuliza huyu vipi, ana adhabu? Nikamwambia anamheshimu mkwe wake, wewe funga mikanda. Akafunga mikanda. Namshukuru, hakucheka.

Mama Leokadia alipanda ngazi ya mnara wa waya bila kusemeshwa na mtu. Juu kabisa alisimama akashika kamba, na kanga ikiwa imefungwa kifuani na kofia ngumu kichwani, nikaona anaangalia chini. Aliangalia sana. Aliona maji, aliona wenzake, na nina hakika aliona mgongo wa kijana mmoja uliobandikwa kwenye jiwe. Kisha akajiachia. Alikuja na sauti ambayo sijaisikia tena, ikatoka juu ya ziwa, ikapita vichwani mwetu, ndege wakaruka mitini, vijana kwenye mabenchi wakasimama wote kwa pamoja wakasahau nilichowaagiza. Akatua mchangani kwa makalio, miguu juu. Ilikuwa ni aibu kamili, na alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Nilimkimbilia kumfungua mikanda. Akanishika mkono.

“Aligeuka?”

“Hakugeuka.”

“Hata nilipopiga kelele?”

“Hata hapo. Alishika jiwe kwa mikono miwili.”

Alikaa pale mchangani akihema. Akavua kofia ngumu mwenyewe, akaniachia mapajani. Akavuta kanga kichwani, polepole safari hii, akaiweka sawa pande zote mbili kama mtu anayekwenda mahali. Halafu akasema, akiwa ameelekea ziwa, kwa ile sauti ya sokoni ambayo mtu wa kwenye mwamba asingeweza kukosa kuisikia:

“Mama Safari, mwambie mkwe wangu mimi nakwenda kula nyuma ya basi. Yeye ale huku mbele na wenzake. Na kwenye samaki asipewe mkia. Wazee wake wakija nyumbani tutaongea mengine.”

Akainuka, akajikung'uta mchanga, akaondoka. Wenzake wakamfuata wakimpangusa mgongo, hakuna aliyesema Kasanda.

Nilikwenda mpaka kwenye mwamba. Yule kijana alikuwa bado ameshikilia jiwe, mabega yanatetemeka, yale yale yanayobeba magunia ya Kibondo yote. Nikamgusa.

“Geuka,” nikamwambia. “Mama mkwe wako ameshapita.”